Ras al Jinz: Jinsi ya kupiga picha za kasa bila kuwadhuru

Ras al Jinz ni ufuo wa mchanga uliozungukwa na majabali katika wilaya ya Sur, mashariki ya Oman. Kila mwaka maelfu ya kasa wa kijani hutoka baharini na kupanda katika ufuo huo na fuo nyingine za jirani ili kutaga mayai.

Wageni nao hufika kwa wingi, na karibu kila mmoja wao ana kamera au simu yenye kamera. Hata hivyo, anayeshuka ufuoni usiku akitarajia kurudi na picha hupewa agizo moja kabla ya kukanyaga mchanga: vifaa vyote vizimwe.

Agizo hilo huwaudhi baadhi ya wageni waliosafiri mbali. Lakini kwa kasa anayetafuta mahali pa kutagia, mwanga mmoja tu wa kamera unaweza kuwa sababu ya kugeuka na kurudi baharini akiwa bado na mayai yake tumboni.

Mahali penyewe

Ras al Jinz ipo takribani kilomita 40 kutoka mji wa Sur, kusini kidogo ya Ras al Hadd, pale ambapo nchi kavu ya Arabuni inaishia upande wa mashariki. Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kasa mwaka 1996 kwa amri ya Sultani, na baadaye kikajengwa kituo cha wageni chenye makumbusho na waongozaji wake.

Kabla ya kuwa hifadhi, mahali hapo palijulikana kwa wanaakiolojia. Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Ufaransa na Italia walifukua makazi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walikuta vipande vya lami iliyotumika kuziba mashua, pamoja na vigae vya vyungu kutoka Bonde la Indus.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jina la Sur si geni. Majahazi ya mji huo yalisafiri kwa upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kurudi kwa upepo wa kusi. Familia nyingi za Sharqiyah zina jamaa katika pwani ya Uswahilini, na Kiswahili bado kinasikika katika nyumba zao.

Usiku wa kasa

Kasa wa kijani hakupewa jina hilo kwa sababu ya gamba lake, ambalo mara nyingi lina rangi ya hudhurungi, bali kwa sababu ya rangi ya mafuta yaliyomo mwilini mwake. Jike aliyekomaa huweza kuwa na uzito unaozidi kilo 100 na gamba lenye urefu wa karibu mita moja.

Huchukua miongo kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Anapokomaa, hurejea katika eneo la pwani alikozaliwa, na watafiti wanaamini kwamba hulitambua kwa kutumia nguvu za sumaku za dunia.

Ufuoni, kazi yake hufuata mpangilio maalumu. Kwanza hutambaa hadi juu ya mstari wa maji kujaa. Kisha huchimba shimo pana la kulaza mwili wake, na ndani yake huchimba kwa mapezi ya nyuma shimo jembamba la mayai.

Hutaga mayai yapatayo 100, yanayolingana kwa ukubwa na mpira wa tenisi ya mezani. Baada ya hapo hufukia, hutawanya mchanga kuficha kiota, na kurudi baharini. Kazi yote huweza kuchukua saa mbili hadi tatu.

Machozi yanayoonekana machoni mwake si ya huzuni wala ya maumivu. Ni maji yenye chumvi anayoitoa mwilini kupitia tezi maalumu, na huendelea kuyatoa hata akiwa baharini.

Kwa nini mwanga ni hatari

Wakati wa hatari zaidi ni mwanzo, kasa anapotoka majini na kabla hajaanza kutaga. Wakati huo huwa mwangalifu mno. Mtu anayesogea, sauti au mwanga wa ghafla humfanya akatishe safari.

Akishaanza kutaga hutulia, na ndipo waongozaji huwakaribisha wageni nyuma yake, wakitumia taa hafifu wanayoishika wao wenyewe. Utulivu huo haumaanishi kwamba haoni. Macho yaliyozoea giza hupofushwa kwa muda na mwanga mkali wa kamera, na kasa huyo bado ana njia ya kurudi majini.

Kwa vifaranga, madhara ni makubwa zaidi. Mayai huanguliwa baada ya takribani miezi miwili, na vifaranga hutoka mchangani hasa usiku, mchanga unapopoa. Huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari unaoakisi nyota na mbalamwezi.

Penye taa ya gari, ya hoteli au ya simu, kipimo hicho hupotoshwa. Vifaranga hugeukia nchi kavu, huchoka, na jua huwakuta wangali mchangani. Katika ufuo wa Ras al Jinz, mbweha, kaa na shakwe huwa wanawasubiri.

Hata pasipo taa za binadamu, maisha ya vifaranga ni ya bahati nasibu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mmoja tu kati ya 1,000 hufikia utu uzima.

Ndiyo maana upigaji picha hauruhusiwi katika ziara za usiku. Baadhi ya wageni hudai kwamba kamera za kisasa huweza kupiga picha gizani bila flashi. Hilo ni kweli, lakini kamera hizo zina kioo cha nyuma kinachong'aa, na nyingi huwasha taa ndogo ya kusaidia kulenga. Watu 20 wenye vioo 20 huleta mwanga mwingi ufuoni.

Saa ya alfajiri

Picha hupatikana alfajiri. Baadhi ya kasa huchelewa kumaliza kazi yao, na mapambazuko huwakuta wakifukia viota au wakitambaa kurudi majini. Katika ziara ya alfajiri wageni huruhusiwa kupiga picha, ila pasipo flashi.

Msimu wenye kasa wengi ni kuanzia Juni hadi Septemba, ingawa wapo wanaotaga katika miezi mingine pia. Mwezi Juni jua huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri, hivyo mpiga picha hulazimika kuwa tayari mapema.

Maandalizi yote yafanyike kabla ya kushuka ufuoni. Flashi na taa ya kulenga zizimwe kabisa, mwanga wa kioo upunguzwe hadi kiwango cha chini, na mlio wa kamera unyamazishwe.

Kabla jua halijachomoza mwanga ni mchache. Lenzi inayofunguka hadi f/2.8 au f/4, pamoja na usikivu wa ISO 1600 au 3200, huwezesha kupiga picha kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Kasi hiyo humtosha kasa mkubwa, kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole na hupumzika mara kwa mara. Kifaranga huenda mbio, naye huhitaji 1/500 au zaidi.

Lenzi ndefu, ya kati ya milimita 70 na 200, ina manufaa mawili. Huleta kichwa na mapezi karibu bila mpiga picha kusogea, na huwaacha wageni wengine nao waone.

Kipupwe nacho kina taabu zake. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu katika pwani hiyo na kuchafua bahari, na mchanga huingia kila mahali. Lenzi isibadilishwe ufuoni, na kamera ifutwe chumvi mara tu baada ya kurudi.

Asimame wapi mpiga picha

Ufuo wa Ras al Jinz unatazama mashariki. Kasa anayerudi majini huwa anaelekea jua linapochomoza, na hapo ndipo penye mtego.

Anayetaka uso wa kasa ulioangazwa vizuri atavutwa kusimama upande wa bahari, jua likiwa mgongoni mwake. Picha yake itapendeza, lakini atakuwa amemfungia kasa njia. Mnyama aliyetumia saa kadhaa ufuoni atalazimika kumzunguka, au kusimama na kungoja huku joto likipanda.

Mahali panapofaa ni ubavuni, mita kadhaa kutoka kwa kasa, au nyuma yake. Kutoka ubavuni, mwanga wa chini wa asubuhi huonyesha mikunjo ya shingo na mchanga ulioganda juu ya gamba. Kutoka nyuma hupatikana umbo jeusi la kasa mbele ya bahari yenye rangi ya dhahabu.

Kamera nyingi hudanganywa na anga inayong'aa, zikamfanya kasa aonekane kama jiwe jeusi. Kuongeza mwanga wa picha kwa kipimo kimoja hivi hurudisha rangi ya gamba lake. Kuchutama pia husaidia, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka usawa wa macho ya mtu aliyesimama humfanya kasa aonekane bapa na mdogo.

Kumgusa, kumpanda au kumnyanyua kifaranga kwa ajili ya picha hakuruhusiwi. Kifaranga anahitaji kutambaa mwenyewe hadi majini, na kila dakika anayochelewa humpunguzia nguvu za kuogelea kuelekea kilindini.

Picha bila kasa

Zipo asubuhi ambazo kasa wote wameshaondoka. Hapo hubaki nyayo, nazo zina habari zao.

Kasa wa kijani husogeza mapezi yake ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za kulia na kushoto hulingana, na njia yake huwa na upana wa karibu mita moja. Ng'amba husogeza pezi moja baada ya jingine, na alama zake hupishana. Jua likiwa chini, vivuli huingia katika kila mfereji na njia nzima husomeka wazi. Baada ya saa moja au mbili jua hupanda, vivuli huisha, na mchanga huonekana kama karatasi tupu.

Nyayo zinazopanda kutoka majini, zikapinda na kurudi bila shimo lolote, huonyesha kasa aliyeghairi. Huenda alikuta mchanga usiofaa, au kitu kilimtia hofu.

Pwani ya Afrika Mashariki

Mafunzo ya Ras al Jinz yanahusu pia fuo za nyumbani. Kasa wa kijani na ng'amba hutaga Kenya, Tanzania bara na visiwani.

Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1968, wavuvi hushirikiana na wahifadhi kuwaachilia kasa walionaswa nyavuni. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, wanavijiji hulinda viota, na wageni huja kutazama vifaranga wakianguliwa. Huko nako, taa na flashi ni adui yule yule.

Uhusiano wa binadamu na kasa katika bahari hii ni wa kale. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinalitaja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi thamani ya mnyama huyo ilikuwa katika gamba, nyama na mayai yake.

Leo biashara ya kimataifa ya kasa wa bahari imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Mwezi Oktoba 2025, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka na kumweka katika kundi lenye wasiwasi mdogo, baada ya idadi yake duniani kuongezeka.

Wahifadhi wanasema nafuu hiyo ilitokana na miongo ya kulinda fuo, mayai na majike wanaotaga, na kwamba katika baadhi ya maeneo kasa hao bado wanapungua. Jike anayepanda Ras al Jinz mwaka huu huenda alianguliwa kabla ufuo huo haujawa hifadhi. Vifaranga wanaotoka sasa hawatarudi kutaga hadi miongo mingine ipite, na watarudi iwapo tu watakuta ufuo wenye giza.