Mlango Ulio Juu Mlimani



Wapendwa waamini, juma hili nilipotembelea familia moja ya hapa parokiani niliona ukutani kalenda yenye picha ya mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi, amesimama thelujini, na shingoni ametundikwa pipa dogo. Mtoto wa nyumba ile akaniuliza, "Baba Paroko, huyu mbwa anauza nini?" Nilicheka, lakini njiani kurudi nyumbani swali lile halikuniacha. Yumkini leo tuongee habari za mahali alikotoka mbwa huyo.

Aina hiyo ya mbwa huitwa Mtakatifu Bernardo, na jina hilo si lake. Mbwa alilirithi kutoka kwa nyumba, nayo nyumba ililirithi kutoka kwa padre.

Kati ya Uswisi na Italia imesimama milima ya Alpi. Iko sehemu moja ambapo vilele huachana kidogo na kumruhusu binadamu kupita, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,470 juu ya usawa wa bahari. Warumi walipita hapo na kujenga hekalu la mungu wao Jupita. Askari na wafanyabiashara waliofika juu salama waliacha vibao vidogo vya shaba kama shukrani. Baadhi ya vibao hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya pale juu, na anayevitazama anatambua kwamba hofu ya mlima ule ni ya kale kuliko msalaba uliosimikwa baadaye.

Baadaye wakaja mahujaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa barabara ya kwenda Roma kwa watu wa Uingereza na Ufaransa ya kaskazini. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma mnamo mwaka 990 kupokea palio, na orodha ya vituo vyake vya kurudia imebaki hadi leo. Wapenda kutembea kwa miguu wa siku hizi wanaifuata orodha hiyo. Njia yenyewe huitwa Via Francigena, na mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa njia ya utamaduni.

Lakini katika karne ile ya kumi msafiri hakuogopa theluji peke yake. Mwaka 972 Mtakatifu Maiolo, Abati wa Cluny, alitekwa na wanyang'anyi akiwa safarini katika milima hiyo, na watawa wake walilazimika kutoa fedha nyingi kumkomboa. Ikiwa abati mwenye jina kubwa alitekwa, tujiulize yalimpata nini mchuuzi maskini ambaye hakuwa na mtu wa kumkomboa.

Hapo ndipo anapoingia Bernardo, shemasi mkuu wa Aosta, mji ulio chini ya mlima kwa upande wa Italia. Wasafiri walionusurika walishukia kwake, nasi twaweza kuwaza habari walizomletea. Mnamo mwaka 1050 alianzisha hospisi, yaani nyumba ya kuwapokea wasafiri. Na hapa ndipo napenda tutulie kidogo. Angeweza kuijenga mjini, penye kuni na mkate, naye angesifiwa vilevile. Aliijenga juu kabisa, pasipoota mti, kando ya ziwa dogo ambalo huwa barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Aliiweka mahali watu walipokuwa wakifia.

Tangu hapo, kwa muda wa miaka karibu elfu, makanoni wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Augustino wameishi humo. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Hali ya hewa ilipochafuka, kanoni na mtumishi walishuka upande wa Uswisi na wengine upande wa Italia kuwatafuta waliopotea. Penye ukungu waligonga kengele. Aliyefika alipewa chakula na kitanda bila kuulizwa malipo. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini kule juu aliyekufa ganzi miguu asingeweza kushika jembe lolote, akakaa mpaka apone. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba makanoni waliopanda wakiwa vijana walishuka baada ya miaka michache, afya zao zimevunjwa na baridi.

Si wote waliookolewa. Ardhi ya pale ni mwamba, kaburi halichimbiki kwa urahisi. Waliokutwa wamekufa waliwekwa katika kijumba cha mawe karibu na hospisi, wakikaushwa na baridi, ili kama ndugu angepita siku moja aweze kuwatambua. Mwandishi Charles Dickens alifika huko mwaka 1846, na baadaye akakitia kijumba hicho katika riwaya yake ya Little Dorrit.

Nao mbwa? Waliletwa katika karne ya 17, kwanza kwa ajili ya ulinzi, kisha ikaonekana kwamba wana pua ya kumnusa mtu aliyefukiwa na theluji. Aliyesifika kuliko wote, Barry, aliyezaliwa mwaka 1800, anasemekana kuokoa watu zaidi ya 40. Alipozeeka alipelekwa Bern, akafa huko mwaka 1814, na mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Lile pipa la kwenye kalenda lilienezwa na mchoraji Mwingereza, Edwin Landseer, katika picha ya mwaka 1820. Watu wanampenda sana mbwa huyu, nami sina kinyongo naye. Ila nasikitika kidogo kwamba dunia nzima inalijua jina la Barry, na hakuna anayemjua hata kanoni mmoja aliyetoka naye usiku.

Mmoja angalau tumjue. Mwenye heri Maurice Tornay, mzaliwa wa bonde lililo chini ya hospisi hiyo, alijiunga na makanoni hao, kisha akatumwa kwenye mipaka ya Tibet, ambako pia milima ni mikali na wasafiri hufa njiani. Aliuawa huko tarehe 11 Agosti 1949, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1993.

Mwaka 1964 handaki la magari lilifunguliwa chini ya mlima, na msafiri mwenye haraka akaacha kupita juu. Helikopta zikachukua kazi ya uokoaji. Mwaka 2005 mbwa wakakabidhiwa kwa taasisi nyingine, nao hupandishwa huko wakati wa kiangazi ili wageni wawaone. Kwa hesabu za kibinadamu hospisi ilikuwa imemaliza kazi yake, na wachumi wa Kanisa (tunao) wangeweza kushauri ifungwe.

Haikufungwa. Barabara ya juu hufungwa na theluji kuanzia majira ya vuli hadi karibu mwezi Juni, na katika miezi hiyo anayetaka kufika sharti aache gari penye mlango wa handaki, apande kwa saa kadhaa akiwa amevaa viatu vya theluji au mbao za kutelezea. Wengi wanaopanda hivyo ni wapenda milima tu. Papa Pio XI, ambaye mwenyewe alipanda Monte Rosa mwaka 1889 alipokuwa padre kijana, ndiye aliyewapa Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wao, mwaka 1923. Wengine hawana dini yoyote, na wengine wamekimbia jambo fulani nyumbani kwao. Wote huingia kwa mlango uleule, na ndani hupokelewa kwa chai ya moto.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitamjibu yule mtoto mwenyewe, maana ameniomba nimletee picha ya Barry isiyo na pipa.

Wenu katika Kristo,
Paroko