Petroli ya Makaa ya Mawe: Ingekuwaje Kama Mkataba wa 1933 Usingetiwa Saini?

Vita havipiganwi kwa risasi peke yake. Hupiganwa pia kwa mafuta. Ujerumani ilikuwa na makaa ya mawe tele, lakini visima vyake vya mafuta vilikuwa haba. Iliwezaje basi kurusha maelfu ya ndege za kivita tangu mwaka 1939?

Jibu linaanzia maabara. Mwaka 1913 Friedrich Bergius alisajili njia ya kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta: makaa husagwa, huchanganywa na mafuta mazito, kisha huunganishwa na hidrojeni katika joto kali na shinikizo kubwa. Mwaka 1927 kampuni ya IG Farben ilianza kuzalisha petroli hiyo huko Leuna. Utaalamu ulikuwapo, faida haikuwapo. Bei ya mafuta duniani ilipoanguka, petroli ya Leuna ikawa ghali mara kadhaa kuliko ya kuagizwa ng'ambo, hata wakuu wa kampuni wakafikiria kuuacha mradi.

Desemba 1933, serikali ya Hitler ikauokoa kwa mkataba. Leuna ingeongeza uzalishaji hadi tani 350,000 kwa mwaka. Nayo dola ingeihakikishia bei ya kufidia gharama na kubakiza faida.

Tujiulize: saini ile isingetiwa, ingekuwaje? Yumkini Leuna ingefungwa. Ujerumani ingetegemea Rumania na mafuta ya ng'ambo, ambayo manowari za Uingereza zingeyazuia mara vita vianzapo. Sidai kwamba Hitler angeacha azma yake; bali vita virefu vya angani vingemshinda, kwa kuwa karibu petroli yote ya ndege zake ilitokana na makaa ya mawe.

Dhana hii si ndoto tupu. Tarehe 12 Mei 1944 ndege za Marekani zilianza kuvishambulia kwa mfululizo Leuna na viwanda vingine vya aina hiyo. Petroli ya ndege iliyotoka viwandani humo, iliyokuwa tani 175,000 mwezi Aprili, ilishuka hadi tani 5,000 mwezi Septemba. Ndege mpya ziliendelea kuundwa, lakini zilikosa mafuta ya kuruka, na marubani wanagenzi wakakosa ya kujifunzia.

Kufikia hapo, gharama ilikwisha kulipwa kwa damu. Huko Monowitz, karibu na Auschwitz, maelfu ya wafungwa walikufa wakilazimishwa kuijengea IG Farben kiwanda cha mpira na mafuta ya kutengenezwa.

Nani angeuhoji mkataba ule? Machi 1933 bunge lilikuwa limekabidhi serikali mamlaka ya kutunga sheria. Julai vyama vya upinzani vikawa vimekwisha kufutwa. Desemba hakusalia wa kuuliza.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwananchi anayeuliza mkataba wa taifa lake una nini, atalipa nani na kwa lengo gani, si mkorofi. Anauziba ufa mapema.