Vita Visivyo na Chuma: Michezo ya Askari wa Farasi wa Roma

Mwaka 1796 huko Ribchester, kaskazini mwa Uingereza, ilifukuliwa chapeo ya shaba ya Kirumi yenye uso kamili wa mtu: pua, midomo, na macho yaliyotobolewa. Leo imo British Museum. Anayeiona hushawishika haraka kuwa ni pambo la gwaride, na wanahistoria kadhaa wameiita hivyo. Rai hiyo ina walakini. Michezo ya askari wa farasi ambamo chapeo za aina hii zilivaliwa ilikuwa mafunzo ya vita kwelikweli, na urembo wake haukuondoa ugumu wake.

Shahidi mkuu ni Arrianus, gavana wa Kapadokia chini ya Kaisari Hadrianus. Hakuwa mwandishi wa kukaa kivulini. Mwaka 135 aliongoza jeshi dhidi ya Waalani, kabila la wapanda farasi. Muda mfupi baadaye aliandika kitabu cha mbinu za kijeshi, na sehemu yake ya mwisho inaeleza michezo hii hatua kwa hatua. Uwanja ulisawazishwa na udongo ukalainishwa. Pande mbili zilishambuliana kwa zamu, zikirushiana mikuki isiyo na ncha za chuma. Badala ya deraya, wapanda farasi walivaa kanzu fupi za rangi. Farasi walikingwa vichwa. Bendera za umbo la joka zilijaa upepo na kutoa mlio wa nyoka.

Zoezi gumu zaidi lilihusishwa na Wakantabri wa Hispania. Wapanda farasi walizunguka duara, na kila mmoja alitupa mti mzito wa mkuki mzima, usiotupika kwa urahisi. Kulenga chapeo ya mwenzio au farasi wake kulikatazwa. Shabaha ilikuwa katikati ya ngao, tena kabla mwenye ngao hajageuka na kuacha ubavu wazi. Pigo zuri liliitikisa ngao kwa kishindo au kuipasua. Katazo hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba watu wangeweza kuumia.

Ni kweli Arrianus anakiri kuwa chapeo zilizopakwa dhahabu zilivaliwa na wenye vyeo au ustadi ili kuvuta macho, na kwamba manyoya yake ya njano hayakuwa na kazi ila uzuri. Lakini anasema pia kuwa uso wa chuma ulikinga macho. Aliyevutia macho ya watazamaji ndiye pia aliyefanywa shabaha, na kosa lake lilionekana na kila mtu.

Hadrianus mwenyewe hakutazama kama mtu aliyekuja kustarehe. Mwaka 128, huko Lambaesis katika Algeria ya leo, alikagua vikosi, na hotuba zake zikachongwa kwenye jiwe. Alisifu, akakosoa. Alionya kuwa mpanda farasi asiyeona aendako, au asiyeweza kuzuia farasi wake, ataangukia mashimo yaliyofunikwa. Huyo ni amiri anayefikiria adui.

Tena michezo haikuganda. Arrianus anaeleza kuwa Kaisari aliagiza askari wajifunze pia mazoezi ya Waparthi, Waarmenia na Wasarmatia. Mikuki mirefu ya Kisarmatia ilikuwa imekwisha kuingia jeshini: tangu enzi za Trajanus, Kaisari aliyemtangulia Hadrianus, Roma ilikuwa na kikosi kizima cha farasi kilichopigana nayo.