Ogiek wanataka nini tena? Uzi mfupi wa historia

1/ Kila mjadala wa misitu ukianza, lazima mtu aulize: "Ogiek si Wakenya kama sisi? Wako na kitambulisho, wanapiga kura. Wanataka nini tena?" Swali ni halali. Nitalijibu kwa historia, bila kutaja chama cha mtu.

2/ Ogiek ni wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau. Mwaka 1934 Tume ya Ardhi ya mkoloni, ile ya Carter, ilipendekeza wahamishiwe kwa makabila makubwa jirani. Yaani hawakuhesabiwa kama jamii yenye ardhi yake. Mkoloni alienda, fikra hiyo ikabaki.

3/ Endorois, wafugaji wa Ziwa Bogoria, yaliwapata pia. Kuanzia 1973 walifukuzwa, kwao kukawa hifadhi ya wanyama. Wakashtaki kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Uamuzi ulitangazwa 2010: warudishiwe ardhi, walipwe fidia.

4/ Oktoba 2009 Ogiek nao wakapewa siku 30 wahame Mau. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika, Arusha. Serikali ikasema inalinda msitu, na kweli Mau ni chanzo cha mito mingi. Lakini tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba hiyo haitoshi kuwafukuza wenyewe. Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi milioni 157.85 na hati ya pamoja ya ardhi.

5/ Hata Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 63, inasema ardhi za mababu za wawindaji ni ardhi ya jamii. Basi imeisha? Hapana. Novemba 2023 nyumba za Ogiek zilibomolewa tena, Sasimwani, Narok.

6/ Mimi ni wa Tseikuru. Babu yangu alilima na kulisha mbuzi maisha yake yote bila hati. Majirani walijua mpaka wake ni mti gani. Kama karatasi pekee ndiyo hufanya ardhi iwe yako, basi babu alikuwa mvamizi kwao.

7/ Kwa hivyo jibu ni hili: wanataka hukumu waliyoshinda itekelezwe. Mwanasiasa wako akija kuomba kura, muulize hiyo. Mimi pia nitamuuliza wangu.