Seva ya bei poa: historia kidogo kabla bumu halijaisha

Wandugu, bumu limetoka na maswali yameanza. Wiki hii watu watatu wameniuliza wakodi seva wapi. Mmoja ana tovuti ya mitihani iliyopita ya kidato cha nne, mwingine ana programu ya kupanga ratiba ya vipindi, wa tatu hajajua anataka kufanya nini ila seva anaitaka. Mimi mwalimu mtarajiwa, somo langu historia, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia mbali.

Kukodi kompyuta si jambo la juzi. Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, John McCarthy alisema ipo siku huduma ya kompyuta itauzwa kama ya simu. Mwaka huohuo, chuoni hapohapo, walionyesha CTSS, mfumo wa watu kadhaa kutumia mashine moja kwa pamoja. Sababu ilikuwa bei tu: mashine ilikuwa ghali mno kumwachia mtu mmoja. Mwaka 1972 IBM ikaleta VM/370, iliyoifanya mashine moja kubwa ionekane kama nyingi, kila mtumiaji akidhani ana ya kwake. Mnachokodi leo ni hichohicho, chumba ndani ya nyumba ya watu wengi.

Sasa njoo Agosti 2006. Amazon wanatoa EC2 kwa senti 10 za dola kwa saa. Na hapa tukae vizuri: kazi kubwa ya kuijenga ilifanyika Cape Town, na timu ya Chris Pinkham. Piga hesabu. Ukiiwasha saa mbili ukazima, senti 20. Ukiiacha mwezi mzima, saa 24 mara siku 30, dola 72! Kwa kampuni ilikuwa nafuu, kwa mwanafunzi bado ndoto.

Bei ya kwetu ilikuja baadaye. Mwaka 2013 DigitalOcean walitangaza seva ya dola 5 kwa mwezi, RAM megabaiti 512 na diski ya SSD ya gigabaiti 20. Mwaka 2016 Amazon wakajibu na Lightsail, nayo ikianzia dola 5. Mwaka 2018 Hetzner wa Ujerumani wakaingia kwa bei iliyoanzia chini ya yuro 3. Ushindani huo, jamani, ndio uliotuokoa.

Lakini umbali haujashuka bei. Kabla ya nyaya za baharini kama SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, tulitegemea satelaiti. Na Amazon, pamoja na kujengewa EC2 Cape Town, walifungua kituo chao cha seva huko mwaka 2020, miaka 14 baadaye. Ukikodi Ulaya, kila ombi linakwenda na kurudi kwa zaidi ya milisekunde 100. Ukurasa wa maandishi hautasumbua, ila mchezo wa kushindana moja kwa moja utakera.

Basi tuchague. Kwanza, usisome bei ya mbele tu. Tangu Februari 2024 Amazon wanatoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya umma. Kwa mwezi ni kama dola 3.6, karibu bei ya seva nyingine nzima. Pili, uliza kazi yako inahitaji kuwaka muda wote? Mwenye ratiba anahitaji, na seva ndogo kabisa inamtosha. Mwenye mitihani ana faili tupu za kusoma, haitaji seva kabisa: GitHub Pages wanaweka tovuti ya namna hiyo bure. Na wewe ndugu yangu wa tatu, anza na laptop yako hapo bwenini. Seva utaikodi siku mtu mwingine atakapotaka kuona ulichotengeneza.

Hela itakayobaki kaleni wali maharage. Mimi nakimbilia kipindi cha saikolojia ya elimu, nimeshachelewa.