Mlinzi, Mlezi au Steringi?

Watazamaji wa vibanda vya video wangemwita Gloria steringi, na mjadala ungeishia hapo. Steringi ndiye anayepiga risasi asikose, na hafi. Lakini filamu ya John Cassavetes ya mwaka 1980, iliyopewa jina la mwanamke huyo, inahitaji neno jingine.

Gloria, anayeigizwa na Gena Rowlands, anabisha hodi kwa jirani yake huko Bronx, New York, kuomba kahawa. Anaikuta familia ikisubiri kuuawa: baba, mhasibu wa genge, amekuwa akivujisha siri zao kwa FBI. Mama anamsihi aondoke na watoto. Anajibu kwamba watoto hawapendi, hasa hawa. Hata hivyo anatoka na Phil wa miaka sita, aliyekumbatia daftari la hesabu linalosakwa na genge.

Je, ni mlinzi? Bastola anayo, na anaitumia mchana kweupe barabarani. Ila mlinzi tunayemjua ana zamu na mshahara, kukicha anakwenda zake. Tena hawa anaowafyatulia risasi ni watu wake. Aliwahi kuwa kimada wa bosi wao.

Mlezi basi? Neno hili limechujuka kidogo. Kila klabu ya mpira ina mlezi, mheshimiwa anayeonekana siku ya kukabidhi jezi. Kitenzi chenyewe kina upande wa giza: tunalea mtoto, na tunalea maovu. Gloria ameyalea maovu miaka mingi, kwa kula matunda yake na kunyamaza. Mtoto amemjia ukubwani, na hata yai hajui kulikaanga. Linaungua, anatupa kikaango.

Phil mwenyewe anahangaika na istilahi. Anamwambia Gloria kuwa ni mama yake, baba yake, ukoo wake wote, rafiki yake, na mpenzi wake pia. Orodha inachekesha, lakini mtoto hakosei: kila neno limeachwa wazi na mtu aliyeuawa.

Mwishoni, makaburini Pittsburgh, Gloria anatokea amevaa wigi la mvi, akijifanya nyanya ya Phil. Hapo ndipo ninapochagua bibi. Ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote, ni mama wa mzazi, na kwa Wakenya ni mke, jambo ambalo Phil, kwa ujuba wake, asingelikataa.