Walikale 2025 na Mipaka ya Silaha za Angani

Tangu Umoja wa Mataifa uliporusha ndege yake ya kwanza isiyo na rubani mjini Goma, tarehe 3 Desemba 2013, dai moja limezidi kupata wafuasi: kwamba vita vya Kivu, mashariki mwa Congo, vitaamuliwa na teknolojia. Mtafiti Walter Dorn alikuwa ametangulia kutetea vyombo vya kisasa vya upelelezi katika ulinzi wa amani, katika kitabu chake *Keeping Watch* (2011). Jopo la wataalamu lililoongozwa na Jane Holl Lute lilifuata mkondo huohuo mwaka 2014. Kinshasa, yaani serikali ya Congo, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023, iliponunua kutoka China ndege zisizo na rubani za CH-4, ambazo hupeleleza na pia kubeba makombora. Makala hii inapinga dai hilo. Yaliyotokea Masisi na Walikale yanaonyesha kwamba silaha za angani hubadilisha namna ya kupigana, lakini haziamui nani atashika ardhi.

Watetezi wa teknolojia wana hoja moja isiyopaswa kupuuzwa. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, waasi walivamia Luvungi na vijiji jirani wilayani Walikale, 13 kwa jumla, wakabaka watu wasiopungua 387. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, takriban kilomita 30 tu. Mwezi Septemba mwaka huo, Atul Khare, ofisa wa Umoja wa Mataifa, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba hatua za Umoja wa Mataifa hazikutosha. Ukosefu wa habari ulichangia maafa yale. Hilo halina ubishi. Lakini kilichohitajika Luvungi kilikuwa simu, redio, barabara inayopitika na askari walio tayari kuitika.

Fumbo lenyewe linaanza pale habari zinapopatikana na ardhi ikapotea vilevile. Rubaya, wilayani Masisi, ambako hutoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, ilitekwa na M23, waasi wanaosaidiwa na Rwanda, mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-Centre ilifuata tarehe 4 Januari 2025. Wakati huo ndege za CH-4 zilikuwa zimekwisha kununuliwa, na za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, zilikuwa na zaidi ya miaka kumi katika jimbo la Kivu Kaskazini. Haiwezekani kudai kwamba M23 walisonga mbele kwa siri.

Walikale-Centre ndiyo inayotufunza zaidi. Ndege za CH-4 zilikuwa zikiruka kutoka Kavumu, karibu na Bukavu. Uwanja huo uliangukia mikononi mwa M23 katikati ya Februari 2025. Chombo kisichohitaji rubani bado kinahitaji uwanja, mafuta, mafundi na askari wa kuulinda, na askari wasipousimamia uwanja, anga nayo imekwenda. Tarehe 13 Machi kampuni ya Alphamin ilisimamisha uchimbaji wa bati Bisie, wilayani Walikale. Tarehe 18 Machi Marais Tshisekedi wa Congo na Kagame wa Rwanda walikutana Doha. Kesho yake Walikale-Centre ikatekwa. Siku chache baadaye M23 walitangaza kwamba wataondoka, kisha wakaahirisha wakilalamika kuwa jeshi la Congo halijaondoa ndege zake za mashambulizi. Walitoka mapema Aprili, na Alphamin ikaanza kurejea kazini mwezi huohuo. Mji ulipotea vitani, ukarudi kwa njia ya mazungumzo.

Mpinzani atasema kwamba sharti lile la M23 lenyewe ni ushahidi wa nguvu ya ndege hizo: asingezitaja asiyeziogopa. Nakubali kwamba waliziogopa, na huenda ziliongeza uzito wa Kinshasa mezani. Lakini kuogopwa kwa silaha si kuushika mji, na ndege hizo hazikuizuia Walikale kuanguka. Tena, nguvu hiyo hupungua kadiri adui anavyojifunza. Mwezi Februari 2024 ndege ya upelelezi ya Umoja wa Mataifa ililengwa kwa kombora kutoka ardhini, na Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa limeeleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyovurugwa karibu na maeneo ya M23 na jeshi la Rwanda. Kila silaha mpya huzaa kinga yake.

Aidha, chanzo cha vita kiko chini sana ya upeo wa kamera. Mtafiti Séverine Autesserre alikwisha kuonyesha uzito wa migogoro ya ardhi na mamlaka vijijini. Sioni haja ya kurudia hoja yake. Inatosha kukumbuka kwamba mauaji ya kikabila ya mwaka 1993 yalianzia Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi kwa mapanga na mikuki. Silaha zimebadilika tangu hapo, ilhali madai juu ya ardhi hayajapata hakimu.

Kwa hiyo silaha za angani haziwezi kuwa msingi wa sera ya usalama Kivu Kaskazini. Fedha za umma zitangulie kulipa mishahara ya askari, kutengeneza barabara ya Goma hadi Walikale, kufikisha mawasiliano vijijini na kuweka mahakama za ardhi zinazoaminika. Serikali itakayonunua ndege kabla ya kufanya hayo itakuwa inanunua picha za ardhi inayoipoteza.